Kondoo wa Nadhiri

Siku tuliyomzika Waya Perez nilishuka garini mbele ya boma lake kule Lambwe, na kabla sijamsalimu mtu macho yangu yalikwenda zizini. Naamini asingechukia. Yeye mwenyewe kila alipotoka safarini alipitia zizini kwanza, ndipo aingie nyumbani kuuliza nani mgonjwa na nani amekula. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo mweusi wa bondeni ulishika viatu vya waombolezaji wote, na kondoo walikuwa wamesimama pamoja wakiupa upepo migongo. Wengi walikuwa wekundu, rangi ya chungu kilichoiva vizuri motoni. Miongoni mwao niliwaona wale wenye masikio mafupi, mafupi kama kidole gumba, kana kwamba Muumba alianza kuyafinyanga kisha akaitwa kwingine. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Bado unawatazama tu, Mwalimu?" Alikuwa Daktari Awuor. Nywele zake zilikuwa nyeupe kama zangu, na alitembelea mkongojo. Tulishikana mikono tusiachiane mpaka tulipoitwa kukaa chini ya turubai.

Vijana wa kanisani huniuliza siku hizi ni lini nilianza kumwamini Mungu. Wanatarajia niwatajie siku ya ubatizo wangu. Naishukuru siku ile, maji yalikuwa baridi na nilitoka nikiimba. Lakini nikitafuta ndani yangu kwa kweli, naona ni mwaka ule nilioishi kwa Waya Perez, nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu, ndipo nilipotambua kwamba Yule ninayemwabudu ni mkubwa kuliko nilivyofundishwa. Na walionionyesha hawakuwa wahubiri. Walikuwa kondoo.

Waya ndivyo tunavyomwita shangazi, dada ya baba. Huyu alikuwa mjane mrefu, mwenye sauti ya kuongozea kwaya na mikono iliyonuka mafuta ya kondoo hata baada ya kuoga kwa ajili ya Sabato. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Kile cha mbele kilikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, viti vya mbao vyenye vitambaa kama hivyo, na kalenda ya kanisa ambayo hakuitoa hata mwaka ulipokwisha, kwa kuwa alipenda picha yake ya maporomoko. Jiko lilikuwa nje, na upande mmoja wa jiko alikuwa amejenga kiukuta cha udongo cha kufika magotini. Nyuma ya kiukuta hicho walilala wanakondoo dhaifu, wakipata joto la moto wetu. Kwa hiyo tulikula nao. Tulikula ugali wa mtama na muhogo, mweusi na mzito, kwa omena, dagaa wa ziwani, au kwa mrenda uliotiwa maziwa, na wao wakitafuna mdomo mtupu na kututazama kama wageni wasiokaribishwa. Chai ya majani, kama Wasabato wengi, hakuiruhusu nyumbani mwake. Tulikunywa mchaichai, na mgeni aliyeuliza chai halisi aliambiwa kwamba halisi iko mbinguni.

Mazungumzo ya jikoni yalirudi kila mara kwenye mikia. Waya alisema alipoolewa bondeni, kondoo wa mama mkwe wake walikuwa na mikia ya mafuta mipana kama ungo, na jike mmoja alishindwa kuvuka mtaro kwa uzito wa mkia wake. Sasa mikia ilikuwa kama mwiko. Jirani yetu Baba Akinyi, ambaye alikuwa mpishi wa kanisa na mtu wa mzaha usiokauka, alidai kwamba mama mkwe wote huwa na kondoo wakubwa wakishakufa. Wengine walisema ardhi imechoka. Wengine walisema ni dhambi zetu. Mimi nilisikiliza nikimenya viazi, na sikuwa na maoni.

Mwaka uliotangulia, mwana wa pekee wa Waya, Ochieng, alikuwa ameugua malale, ugonjwa ule wa mbung'o uliowamaliza wengi bondeni. Alilazwa Homa Bay akiwa hamjui mama yake. Waya alipiga magoti kando ya kitanda akaweka nadhiri: Ochieng akiamka na kumwita, atamtolea Bwana dume bora aliye naye. Ochieng aliamka. Aliita, "Mama, nina njaa." Waya alipenda kuikariri sentensi ile kama wengine wanavyokariri zaburi. Na dume bora alijulikana na wote. Alikuwa kijana bado, mwekundu mtupu, mgongo umenyooka kama benchi, mkia umeanza kupanuka kama ile mikia ya zamani, na masikio yake yalikuwa yale mafupi. Watoto walimwita Kiziwi, ingawa alisikia mlio wa debe la chumvi kutoka ng'ambo ya kijito. Waya alingoja Agosti, wiki ya makambi, wakati makanisa yote ya bonde hukutana chini ya maturubai kuomba, kuimba na kula pamoja. Hapo ndipo kila nyumba ilipeleka mnyama wake. Kiziwi angechinjwa siku ya sadaka.

Daktari Awuor alikuja mwanzoni mwa mvua za masika. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo, Mkatoliki kutoka Migori, mwenye buti za mpira na kisanduku kilichofungwa kwa kamba. Alisema anatafuta kundi la kondoo wa kienyeji awachunguze msimu mmoja wa mvua, na Waya akamwambia kundi lipo, ila kahawa yake aliyoibeba itabaki ndani ya mkoba. Daktari aliikubali hukumu ile akicheka. Baadaye niligundua kwamba alikuwa akienda kuinywa kwa Baba Akinyi, na Waya alijua.

Alichotaka kilikuwa kigumu kwa mfugaji yeyote. Alitaka wanakondoo wa mwaka ule wasinyweshwe dawa ya minyoo kwa mkupuo kama kawaida. Walishwe pamoja, nyasi moja, mvua moja, na kila siku tufungue kope zao za chini tuangalie rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, aachwe. Ikianza kupauka, atibiwe mara moja. Waya alifikiri siku nzima, akaomba, kisha akakubali kwa sababu, alisema, amekuwa akiwapa dawa miaka yote bila kujua ni nani aliyeihitaji. Wanakondoo walikuwa wa baba wawili. Msimu wa kupandana Waya alikuwa amewalisha majike katika makundi mawili, moja na Kiziwi, jingine na dume mzee wa Baba Akinyi, ambaye alibaki hai kila Agosti kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetaka kumla.

Mvua zikaja. Asiyeishi Lambwe hawezi kujua mvua ya udongo mweusi, jinsi nchi nzima inavyokuwa ulimi unaokunyonya mguu. Nyasi ziliota nene na tamu, na ndani ya utamu ule minyoo ilipanda majani kwa umande wa asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa cha kila mwanakondoo huku Daktari akishusha kope. Mwanzoni zote zilikuwa nyekundu. Kisha wana wa yule dume mzee wakaanza kubadilika. Nilijifunza ule weupe, weupe wa karatasi, na ule uvimbe laini chini ya taya kama mfuko wa maji. Tuliwatibu, wengi wakapona, lakini kuna waliotuponyoka hata baada ya dawa. Mmoja alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, nikiwa nimeshika kikombe cha maji ya sukari. Kuna wana wa Kiziwi waliopauka pia, sitaki kusema uongo. Lakini wengi wao walisimama mvuani wakichezea kichuguu, kope zao zikiwa nyekundu kama ua la mkomamanga, na hawakuwa wamepata tone la dawa.

Ijumaa moja alasiri, tukiwa tumeshapika chakula cha Sabato na maji ya kuoga yakichemka, Daktari aliweka hadubini yake juu ya kitambaa kilichotariziwa. Alikoroga choo cha kondoo ndani ya maji ya chumvi nyingi. Waya alilalamika kwamba chumvi ya wiki nzima imekwenda kuogesha mavi, lakini hakuondoka mezani. Daktari alieleza kwamba mayai ya minyoo huelea juu ya maji kama hayo. Akaniita niangalie kwanza choo cha mtoto wa dume mzee. Niliweka jicho. Duara la mwanga lilikuwa limejaa mayai, yamebanana, kila moja la mviringo na lenye kung'aa, na ndani yake kuna vijipunje vilivyopangwa kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona hata kwenye tarizi ya Waya. Nilisahau kwamba ni maadui zetu. Kisha akabadilisha kioo, akaweka cha mtoto wa Kiziwi. Duara lilikuwa karibu tupu. Niliona yai moja pembeni, peke yake, kama mtu aliyechelewa ibada.

Waya aliangalia baada yangu. Alipoinua kichwa akauliza, "Na hawa wamekula pamoja?"

"Wamekula pamoja, Waya."

"Ni dawa gani imo ndani yao?"

"Sijui," Daktari alisema. "Minyoo inaingia kwao kama kwa wenzao, ila miili yao inaikataa. Wamerithi kitu kutoka kwa baba yao. Kipo kwenye damu, na bado sijui jina lake."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, na nimeyasahau mengi. Lile neno "sijui" sijalisahau. Alilisema mtu aliyesoma, kwa sauti ya chini, kama mtu anayevua viatu mlangoni. Nilitazama nje, kondoo wakirudi mstari mmoja, na nikawaza kwamba ndani ya kila ngozi ile nyekundu kuna mambo yaliyopangwa tangu kale, yakipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, wala hakuna aliyeyaomba wala kuyasifu. Tulikuwa tumeyala kwa mchuzi miaka yote.

Jua lilikuwa halijazama. Daktari alianza kufunga hadubini, na bila kutazama mtu akauliza kila Agosti Waya hupeleka kondoo gani kwenye makambi. Waya alishangaa swali lenyewe. "Aliye bora. Ungempa Mungu kilema?"

"Na jirani zako?"

"Aliye bora. Ukipeleka mbovu utaimbwa bonde zima."

"Basi Waya, anayebaki zizini kuzaa ni yupi?"

Niliona jibu likimfikia Waya polepole, kama maji yanavyofika kwenye shamba la chini. Alitazama dirishani, upande wa boma la Baba Akinyi, alikosimama yule dume mzee mwenye miguu ya upinde, baba wa nusu ya bonde. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, kisha nikaona kwamba analia. "Mikia," alisema. "Mama mkwe, tumeila mikia yako kwa kumshukuru Mungu." Daktari aliona haya, akasema hakukusudia kumhuzunisha. Waya alimshika mkono akamwambia kwamba anayewasha taa haombi radhi kwa sababu nyumba ilikuwa haijafagiwa.

Lakini nadhiri ilibaki. Tangu siku ile Waya hakuimba tena akikamua ng'ombe. Alikwenda zizini, akaweka mkono juu ya mgongo wa Kiziwi, akarudi jikoni. Akimchinja, nguvu ile ingebaki kwa wanakondoo wachache wasiokomaa, na kwa desturi yetu walio bora kati yao wangemfuata Agosti nyingine na nyingine. Asipomchinja, atakuwa amempokonya Mungu malipo ya uhai wa Ochieng. Usiku na mchana alikuwa kati ya hayo mawili, na chakula kilimshinda.

Mchungaji Nashon alikuja kumtembelea. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti moja la kijivu, na alikula viazi vyetu kwa shukrani ya kweli. Alisikiliza yote. Alisema kuna ndugu wa nyanda za juu walioahidi kuleta dume mkubwa mweupe, huenda huo ndio mlango wa Bwana. Daktari akajibu kwa heshima kwamba ukubwa ni kitu kizuri, ila dume yule amezaliwa mahali pasipo mvua ya Lambwe, na hajui kama damu yake imewahi kujaribiwa na minyoo hii. Mchungaji alitikisa kichwa taratibu. Waya akamwomba amfungue nadhiri. Alikataa, na alikataa kwa huzuni.

"Perez, mimi siwezi kukufungua. Aliyeweka ni wewe, na aliyepokea si mimi. Muulize Yeye."

Siku ya sadaka uwanja ulijaa. Baba Akinyi alikuwa amenoa visu na kuwasha moto chini ya masufuria, na amevaa aproni yake iliyoandikwa jina la kanisa. Nyumba moja baada ya nyingine ilileta mnyama wake, na watu waliwapapasa migongo na kusifu. Waya alikuja wa mwisho, akiwa amevaa nguo nyeupe ya shemasi, akimwongoza Kiziwi kwa kamba ya katani. Ochieng alitembea nyuma yake, mwembamba bado. Hakumpeleka kwa Baba Akinyi. Alimpeleka mpaka mbele, penye mimbari, akampa Mchungaji kamba mkononi.

"Nilimwahidi Bwana kumpa dume wangu bora," alisema. "Huyu hapa. Lakini mwanangu nilimwombea uhai, na nikapewa uhai. Mimi pia nataka kumpa Bwana aliye hai."

Minong'ono ilipita kwenye maturubai. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema kwamba hii ni njia ya mkato, kwamba sadaka isiyomuumiza mtu si sadaka. Waya alijibu kwamba kondoo huyu si wake tena, hatamuuza, hatamla, na kila jike wa bonde hili atapandwa naye bila malipo. Mzee aliuliza, basi kila mtu akifanya hivyo leo watu watakula nini. Ndipo Baba Akinyi, visu mkononi, akasema kwa sauti yake ya mzaha ambayo siku hiyo haikuwa na mzaha sana, "Mzee, nimepika makambi haya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijawahi kumwona Bwana akichovya tonge. Ni sisi tu."

Watu walicheka. Mchungaji Nashon alikuwa bado ameshika kamba. Aliinama, akaweka kiganja kati ya yale masikio mafupi, na akafumba macho kwa muda mrefu hivi kwamba watoto walianza kukohoa. Alipofumbua alisema kondoo huyu ni wa Bwana kuanzia leo, na kazi aliyopewa na Bwana ni kuzaa. Akasema tena, na hili ndilo lililobadilisha bonde, kwamba kuanzia mwaka ujao kila nyumba ichague kwanza atakayebaki, ndipo ichague wa kuliwa. Tulikula maharagwe siku ile, pamoja na wale waliokwisha kuchinjwa. Yule mzee wa kanisa alirudia sahani.

Niliitwa chuoni kabla ya mvua za vuli. Daktari alikuwa amekwenda zake. Kiziwi aliishi miaka mingi, akaota kitambi kama mweka hazina, na wanawe walivuka mipaka kwa mahari, kwa zawadi na kwa mnada. Nikifundisha Rodi Kopany niliwaona siku za soko. Niliwaona Mbita wakishushwa kwenye boti, na Migori wakivuka barabara bila haraka. Kila mara nilisimama kuwatazama, mwanamke mzima na kikapu chake. Watu wakaanza hata kuchagua masikio, wakiamini mafupi ndiyo yanayofukuza minyoo, na wengine walinunua kondoo wabovu kwa sababu hiyo.

Nilimweleza Daktari Awuor hayo chini ya turubai la mazishi, tukingoja wahubiri wamalize. Alitabasamu. Alisema masikio ni shahidi tu, si mlinzi. Alisema sasa wana njia ya kuisoma damu yenyewe, na yeye ameisoma ya kondoo wa hapa, akitarajia kulipata lile jina alilolikosa ujanani. Hakupata jina moja. Alipata vitu vingi vidogo, vimetawanyika, kila kimoja kikisaidia kidogo sana, kama sauti za kwaya ambazo ukiisikiliza moja peke yake huoni ajabu yoyote. "Kila nikijua zaidi," aliniambia, "najikuta narudi pale mezani kwa shangazi yako." Kwaya ilikuwa ikiimba, na nilijaribu kusikia sauti moja moja, nikashindwa.

Baada ya kaburi kufunikwa, ilibidi wageni wa mbali walishwe. Ochieng, sasa mzee mwenye miwani, alikwenda zizini kuchagua kondoo. Mimi na Daktari tulisogea uzioni. Alipita kati yao taratibu, akipapasa migongo, akipima mikia, akishusha kope za chini moja baada ya nyingine kama tulivyokuwa tukifanya. Alisimama kwa dume mmoja mwekundu, mgongo wake umenyooka, mkia wake mpana kama ungo. Masikio yake yalikuwa marefu, ya kawaida kabisa. Ochieng hakuyatazama. Alimtazama macho, akamshika shingo, akampeleka mpaka kwenye lango la malishoni, akalifungua, akamtoa. Kisha akarudi zizini kumtafuta wa pili yake, wa kula.